Tupeane uzoefu: Ghostface Killah wa mwanzo na soul za wazee, ulimpokeaje?

Mchanaji Mstaafu: Wakuu, namzungumzia Ghostface, rapa wa Marekani, wa miaka ile: albamu "36 Chambers" ya kundi lake Wu-Tang 1993, kaseti ya mwenzake Raekwon 1995 aliyoshirikishwa karibu mwanzo mwisho, hadi "Ironman" yake mwenyewe, Oktoba 1996. Anachana kama anagombana na mtu mlangoni, huku chini, kwenye biti, mwimbaji wa soul Al Green anabembeleza.

Naanza mimi. Kaseti niliidabu Kariakoo, kopi ya kopi. "All That I Got Is You" ikaniweka chini: watu kumi na watano nyumba ya vyumba vitatu, mtoto anatumwa kwa jirani na kikaratasi cha kuomba chakula. Kikaratasi hicho nani hapa hajawahi kutumwa nacho? Biti imechotwa kwenye wimbo wa Jackson 5, kiitikio Mary J. Blige. Mama, ambaye Kiingereza hakipandi, akauliza jikoni: "Nani kafa?"

Binti Ilala: 😂 Shikamoo yake mama. Kwetu ilikuwa baba. Kaka kaweka "Can It Be All So Simple" ya Wu-Tang, mwanzoni Gladys Knight, mwimbaji wa soul, anaongea, mzee kaweka gazeti chini: "Huyo mama mmemfanya nini?" Ndipo akatusimulia kwamba 1969 soul ilipigwa marufuku kwenye madansi ya Dar, eti inapotosha vijana. Na yeye alikuwa kijana mwenyewe! Tangu siku hiyo hakutupigia tena kelele tupunguze redio, ila kila wimbo alitaka aambiwe umechotwa wapi.

Fundi Biti: Mimi natengeneza biti, nijibu kifundi. RZA, mtengeneza biti wa Wu-Tang, alikuwa na sampla (mashine za kuchota vipande vya nyimbo) za Ensoniq, EPS kisha ASR-10. Wengi tulifundishwa kutafuta kipande kisafi kisicho na mwimbaji. Yeye anaiacha sauti humo humo, na mikwaruzo ya santuri juu. Sikiliza "Motherless Child": O.V. Wright, mwimbaji wa soul, analia, Ghost anapita juu yake bila kumsubiri amalize. Nilijaribu hivyo na santuri ya mjomba, ikatoka uji mtupu. Kazi iko kwenye kuchagua mwimbaji ambaye maumivu yake yanafanana na ya mchanaji.

Mgumu Asilia: Msimlainishe sana jamani. Ngoma yangu ni "Daytona 500", na ile imechotwa kwenye "Nautilus" ya Bob James, jazi ya 1974. Hakuna anayelia pale, ni mbio tu.

Wa Eastlands: Sasa wadau. Huku Nairobi mimi nilianza na jina. Kumbe limetoka kwa sinema ya kung fu ya 1979, na hiyo nilikuwa nimeshaiona kwa video ya mtaa. Nikasikia kaseti nikitarajia mateke tu, nikapata jamaa anaongea kuhusu mamake. Mabeshte walinicheka nikirudisha nyuma hiyo ngoma. Mmoja wao leo ndiye huniomba niicheze.

Binti Ilala: @Mgumu Asilia, basi usiguse "Holla" ya 2004. Ghost kachukua "La-La" ya Delfonics, kundi la soul, karibu nzima, waimbaji wanaendelea kuimba, yeye anachana juu yao kama yuko baa na wimbo unapigwa. Hiyo ndiyo ngoma pekee ambayo baba naye huimba.

Mgumu Asilia: Nimeitafuta. Nakubali kwa shingo upande. Na hao Delfonics nao nimewapakua 🙄