Mke anataka mtoto aitwe Liv, mama Tanga anasikia "livu". Nishaurini

Wakuu, niko Bergen, Norwei. Tumejaliwa binti, ana wiki tano. Mke wangu, mwenyeji wa huku, anataka aitwe Liv kama bibi yake. Jana nikampigia mama simu ya video, nikamtajia. Akanyamaza, kisha akamgeukia dada: "Livu? Nani kaenda livu?" Dada akacheka mpaka simu ikamponyoka. Mimi naambiwa tu ni "maisha". Mwenye kulijua kwa undani anisaidie.

Mtu wa Pwani: Hongera mkuu. Kwa leo mkeo yuko sahihi, liv kwa Kinorwei ni uhai. Ila chimbuko la jina ni neno jingine la zamani, Hlíf, yaani kinga au hifadhi. Hiyo h ya mbele ilikufa Norwei (Iceland bado wanaitamka), jina likabaki linafanana na uhai, basi watu wakalipokea hivyo. Halafu i yake inavutwa, Liiv. Ukilikata haraka ndiyo mama anasikia likizo.

Kipanga: Masimulizi yao ya kale yana mwanamke anaitwa Líf. Siku ya Ragnarok dunia inateketea, miungu wanakufa, yeye na mwenzake Lífþrasir wamejificha msituni kwa Hoddmímir, chakula chao umande wa asubuhi. Hao wawili ndio wanaozaa watu upya. Jina silabi moja, mzigo wote huo!

Shangazi Mkubwa: Mwanangu, mwambie mama ni Aisha. Sitanii. Aisha ni "aliye hai", mzizi mmoja na neno letu maisha. Andikisha Liv Aisha, kila upande uite lake. Ila usizubae, Norwei jina linatakiwa lipelekwe kabla mtoto hajatimiza miezi sita.

Kijukuu: Atakayehitaji livu ni baba, mtoto akianza kukesha 😂

Mleta mada: Shangazi, Mungu akuweke. Mke kakubali Liv Aisha bila hata kubishana, na mama kaanza kumwita Aisha tangu asubuhi. Nikamsimulia na ile ya msituni. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Umande tu? Na mimba ile, hata uji hakupewa?"