Nisaidieni kufatilia ukoo wa Charles Taze Russell, wale ndugu zake waliotoka Ayalandi

binti_kigamboni
Habari zenu wakuu. Bibi aliyenilea alikuwa Shahidi wa Yehova mpaka anafariki, na Russell alikuwa anatutajia sana, yule aliyeanzisha Wanafunzi wa Biblia kule Marekani, kundi ambalo Mashahidi walitokea humo. Mi sikuendelea na dini ya bibi ila hamu ya kumjua huyu mtu imebaki. Najua alizaliwa tarehe 16 Februari 1852 Allegheny, Pennsylvania, wazazi wake Joseph Lytle Russell na Ann Eliza Birney walihamia kutoka Ayalandi, Waskoti kwa asili. Sasa juzi nimekuta video inadai eti ni ukoo mmoja na wale kina Russell wa Chuo cha Yale walioanzisha chama cha siri cha Skull and Bones. Imeniuma kwakweli, nataka nijue ukweli kwa hati sio kwa maneno ya watu. Nilitaka nianze na rekodi za Ayalandi moja kwa moja, mnanishaurije?

mzee_wa_nasaba
Pole na bibi, mwanangu. Hilo la Yale lisikusumbue. William Huntington Russell wa Skull and Bones alizaliwa 1809 Middletown, Connecticut, na watu wake walikuwa New England tangu enzi za ukoloni wa Mwingereza, mmoja wao Noadiah Russell yumo kwenye waanzilishi wa Yale yenyewe. Hawa wako wamefika karne ya 19 kwa meli kutoka Ayalandi. Kufanana jina la ukoo sio undugu, Russell wamejaa kila kona kule, ni kama useme kila Juma ni ndugu wa Juma. Na Ayalandi usianze nako, utapotea. Anzia Pittsburgh urudi nyuma kidogo kidogo.

msafiri_wa_kale
Naunga mkono mzee. FamilySearch, tovuti ya kutafutia rekodi za koo, ni bure, fungua akaunti tu. Sensa ya Marekani ya 1850 ndo ya kwanza kuandika majina ya watu wote huru wa nyumba pamoja na walikozaliwa, zile za nyuma yake zinamtaja mkuu wa kaya peke yake. Ukitafuta andika Lytle, Lytel, Lytell, zote jaribu manake makarani waliandika walivyosikia. Alafu Allegheny ulikuwa mji wake wenyewe ng'ambo ya mto, umeunganishwa na Pittsburgh 1907, kwaiyo ukitafuta Pittsburgh peke yake utawakosa. Vyeti vya vifo usivitegemee, Pennsylvania imeanza kusajili kwa jimbo zima 1906, mzee Joseph alishafariki tangu 1897.

Kitu kingine, ukikuta "uncle" usikimbilie kuandika mjomba! Kizungu neno moja linabeba mjomba, baba mkubwa na baba mdogo. Angalia jina la ukoo kwanza, akiwa Russell huyo ni wa kwa baba, akiwa Birney ndo mjomba.

mzee_wa_nasaba
Umenikumbusha, kuna fundo moja hapo ambalo limewachanganya wengi. Charles alimwoa Maria Ackley 1879, na baba yake Charles, yaani Joseph, ambaye alikuwa mjane, akamwoa Emma Ackley, mdogo wake Maria. Yaani Emma ni shemeji yake Charles na hapo hapo ni mama yake wa kambo. Ukichora mti usimweke mara mbili.

Ayalandi ukifika, sensa za 1821 mpaka 1851 karibu zote ziliungua Dublin 1922 kwenye vita, kwaiyo tegemea vitabu vya ubatizo na ndoa vya makanisa ya Kipresbiteri, nyaraka za Ulster, yaani kaskazini mwa Ayalandi, ziko Belfast. Hati za uraia wa Marekani za zamani hazisaidii sana, nyingi zinaandika "Ayalandi" basi, kijiji hamna.

binti_kigamboni
Asanteni sana jamani, shikamoo mzee. Nimekaa nikapiga hesabu, mama yake alifariki Charles ana miaka 9 na yeye kazaliwa 1852, kumbe sensa ya 1860 ndo peke yake ambayo wote wawili walikuwa hai. Watoto walikuwa watano na waliofika utu uzima ni wawili tu. Basi naanza na ukurasa huo wa 1860, nataka nimuone Ann Eliza akiwa bado na wanawe.