Gitaa na ampu za zamani au za kisasa: nini kilikupa toni unayoipenda? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam.

Wapiga gitaa wakikutana, huu mjadala lazima uibuke. Wapo wanaoamini gitaa la kweli liliishia 1965, mwaka ambao kampuni ya magitaa ya Fender iliuzwa kwa CBS. Wapo wanaosema gitaa la leo linatoka kiwandani shingo imenyooka, freti (vile vyuma vya shingoni) zimesawazishwa kwa mashine, linashika tuni kutwa nzima, sasa la zamani la nini? Hoja za kusomasoma tumezisikia sana. Naomba kila mmoja aseme alichosikia kwa masikio yake: ulishika nini, ulibadilisha nini, toni ikaendaje.

Naanza mimi. Niliwahi kukaribishwa na mkusanyaji mmoja, akaniwekea mezani magitaa mawili ya modeli moja na mwaka mmoja, ya mwishoni mwa miaka ya 1950. Ampu (kikuza sauti) ileile, kebo ileile. La kwanza, nilipopiga E wazi hata kabla ya kuchomeka waya, mtetemo niliupata mbavuni, na uzi wa tatu uliendelea kuimba wenyewe. La pili, uzi huohuo kwenye freti ya 12 ulikuwa unakata mapema na sauti yake ilikuwa butu. Mwenyewe akasema ndivyo lilivyo tangu alipate. Tangu siku hiyo mimi siongelei "sauti ya zamani" kana kwamba ni kitu kimoja.

Na sababu zipo. Chukua pikapu (sumaku na koili zilizo chini ya nyuzi, zinazogeuza mtetemo kuwa umeme) za kampuni ya Gibson zinazoitwa PAF, ambazo watu wanazisaka kama dhahabu. Mhandisi wa Gibson, Seth Lover, alizibuni ili kuondoa mvumo wa umeme unaosumbua pikapu za koili moja: koili mbili zinaelekezwa kinyume, mvumo unajifuta, sauti ya nyuzi inabaki. Hataza iliombwa 1955, na kwenye gitaa la Gibson liitwalo Les Paul zikaanza kuwekwa 1957. Sasa, sumaku zake hazikuwa za aina moja, na mizunguko ya waya haikuhesabiwa kwa ukali. Ukipima upinzani wake wa umeme leo unakuta moja ina kiloomu 7 na ushee, nyingine inakaribia 9. Anayesema anataka sauti ya 1959 inabidi aseme ya gitaa lipi. Lile la Peter Green wa Fleetwood Mac, ambalo sasa liko kwa Kirk Hammett wa Metallica, ni la 1959 kweli, lakini ile sauti yake ya puani pikapu zote mbili zikiwashwa inatokana na sumaku ya pikapu moja iliyogeuzwa. Umri hauhusiki hapo. Geuza sumaku kwenye gitaa la mwaka huu, utaisogelea.

Upande wangu, kilichonipa toni ninayoipenda ni urefu wa pikapu. Gitaa langu ni la kisasa, la mtindo wa Stratocaster. Nyuzi nene zilikuwa zinatoa noti yenye mawimbi, inayumba, ukitunia haitulii. Sumaku za koili moja zikiwa karibu mno na nyuzi huzivuta zisitetemeke kwa uhuru. Nikashusha upande wa besi wa pikapu ya shingoni, robo mzunguko wa bisibisi kwa mara moja, nasikiliza kila hatua. Ghafla noti ikasimama wima, na juu kukawa na uwazi ambao sikuwahi kuusikia kwenye gitaa lile. Haikunigharimu kitu.

Karibuni, mwageni uzoefu.

Fundi Ampu

Mkuu umefungua mada iliyo moyoni mwangu. Mimi nafungua ampu za valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) karibu kila wiki, za zamani na mpya, ngoja niseme ninachokiona ndani.

Ampu ya miaka ya 1960 unayoisikia leo si ile iliyotoka kiwandani. Kapasita za kuchuja umeme hukauka. Zikifika miaka 20 ujue zinaishi kwa huruma. Rezista za kaboni za enzi hizo hupanda thamani kadiri zinavyozeeka. Karatasi ya spika inalegea. Juu ya hapo, ampu nyingi za Marekani za wakati ule ziliandikwa volti 110 au 117, na leo soketi ya huko inatoa 120 na zaidi, kwa hiyo kila kitu ndani kinapata umeme mwingi kuliko alivyokusudia mbunifu. Wateja wengi wanaoniletea ampu ya zamani wakilalamika kuwa besi inapwaya na sauti imekuwa ya mchanga, nikibadilisha kapasita hizo wanadhani nimewapa ampu nyingine. Nimeirudisha tu karibu na ilivyozaliwa.

Halafu tazameni mfano huu. Ampu ya kwanza ya Marshall, JTM45 ya 1962, saketi yake ilifuata ile ya ampu ya Fender Bassman, mchoro 5F6-A, karibu mstari kwa mstari. Mbona hazifanani sauti? Valvu ya kwanza ya Bassman ni 12AY7 yenye nguvu ndogo, ya Marshall ni ECC83 inayosukuma zaidi, hivyo inaanza kuvunja sauti mapema. Bassman ina spika nne za inchi 10 kwenye boksi lililo wazi nyuma. Marshall ikapelekwa kwenye spika nne za inchi 12 za kampuni ya Celestion, boksi limefungwa. Enzi moja, mchoro mmoja, na bado ukisikiliza unajua ipi ni ipi. Hii ndiyo maana nikiulizwa zamani au kisasa, mimi nauliza: spika gani, boksi gani, valvu gani?

Na tafadhali sana, wanaonunua ampu za zamani: ndani kuna volti zaidi ya 400, na kapasita hubaki na chaji hata ukishachomoa waya ukutani. Zile za plagi ya miguu miwili zipelekwe kwa fundi ziwekewe waya wa ardhi kabla hujapiga noti hata moja. Ukiwa umeshika nyuzi na mdomo umegusa maikrofoni, mwili wako ndio unakuwa waya wa ardhi. Mtu amekufa hivyo, si hadithi.

Mpiga Solo

Mimi niko upande wa kisasa na sijifichi. Napiga jukwaani kwa kifaa cha kidijitali, kile kinachopiga picha ya sauti ya ampu halisi kisha unabeba picha zako zote. Kampuni ya Kemper walileta hilo 2011, na leo zipo nyingi.

Mwanzoni toni ilikuwa nyembamba na kali, hasa kwenye hedifoni. Nikahangaika na mipangilio ya ampu, geini, trebo, wapi. Kumbe ampu haikuwa na shida. Nilipobadilisha faili la spika, yaani ile rekodi fupi inayobeba tabia ya spika, boksi na maikrofoni, kila kitu kikakaa. Spika ya gitaa ya inchi 12 inaporomoka kuanzia kama kilohetzi 5 kwenda juu. Huko juu ndiko uchafu wote wa distoshani (sauti iliyovunjwa) unakoishi, na spika ndiyo inaufyeka. Ukiikosea spika, hata ampu ya ndoto itakuudhi.

Kwa hiyo naungana na Fundi. Na niongeze, neno la zamani lisiwadanganye dukani: ile Celestion Vintage 30 inayotafutwa na wapiga roki na metali ni ya 1986.

Mpenzi wa Fazi

Fupi tu. Kwenye fazi (pedali inayovunja sauti ya gitaa iwe na mikwaruzo), zamani ina utu wake na siibadilishi. Nina pedali ya transista za germaniamu, aina ambayo Fuzz Face ya 1966 iliifanya iwe maarufu. Nikiirudisha vol ya gitaa mpaka 6, ule moto wote unageuka kuwa sauti safi yenye kung'aa ambayo sijaipata kwenye pedali nyingine yoyote niliyojaribu. Lakini germaniamu na joto havipatani. Jukwaa likipata moto wa taa, sauti inaanza kukauka na kukatika, nailaza kwenye kivuli cha ampu. Na isitanguliwe na pedali yenye bafa (saketi inayoitenganisha na pikapu). Fazi ya namna hii inataka kuongea na pikapu moja kwa moja. Ukiiweka mwishoni mwa msururu utaichukia bure.

Mtu wa Studio

Naomba nilete jambo ambalo naona linarukwa. Masikio yetu husema "nzuri zaidi" kila kitu kikiwa na sauti kubwa kidogo. Ukilinganisha vyombo viwili bila kusawazisha ukubwa wa sauti, kile chenye nguvu kitashinda karibu kila mara.

Tulifanya jaribio na rafiki yangu. Yeye anapiga ampu ya valvu ya miaka ya 1970, mimi ni wa kidijitali. Tukarekodi sehemu ileile, tukasawazisha kwa mita ya kupima sauti, mtu wa tatu akawa anatuchezea bila kutuambia ipi ni ipi. Gitaa likiwa peke yake, tulitofautisha: ya valvu ilikuwa na ule mwanzo wa noti unaobonyea kidogo kisha unachanua. Zilipoingia ngoma na besi, tukaanza kukisia wote wawili. Lakini rafiki yangu akasema kitu ambacho nakiheshimu: msikilizaji hasikii, ila vidole vyangu vinasikia, na mimi napiga vizuri zaidi ampu ikinijibu hivyo. Hiyo si hoja ndogo. Mpigaji akifurahi, hata misemo anayotoa kwenye solo inabadilika, na hiyo msikilizaji anaisikia.

Mzee wa Nyuzi

Mleta mada, kwa heshima, hapa nakupinga kidogo. Umri unahusika. Shingo iliyoshikwa miaka 50 inakuwa na kingo laini ambazo mkono unazitambua gizani. Rangi ya nitroselulosi huchakaa na kuwa nyembamba, mbao inakuwa wazi. Gitaa langu la miaka ya 1960 sitaliuza.

Ila mnaotafuta ya zamani mjue na hili: mengi yana ubao wa freti wa mti wa Brazili, Dalbergia nigra, ndugu wa mpingo. Mti huo umewekwa kwenye orodha kali kuliko zote ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) tangu 1992. Kulivusha mpaka gitaa la namna hiyo kunataka vibali, na kuliuza nje ndiyo kabisa. Mimi nikisafiri naliacha nyumbani, nabeba jipya, na jipya linafanya kazi yake vizuri.

Mleta mada

Shikamoo mzee. Nakubali kuhusu shingo, tena sana. Lile la kwanza nililolieleza juu, mkono uliteleza wenyewe. Ninachoshikilia ni kwamba wewe unalipenda *hilo* gitaa, ulilolijua kwa mkono wako. Mtu akilinunua jingine la mwaka huohuo kwa simu bila kulishika, hana uhakika wa kupata ulicho nacho.

Besi Tu

Wapiga gitaa mnabadilisha nyuzi kama soksi. James Jamerson, mpiga besi wa lebo ya Motown, alipiga besi ya Fender Precision Bass ya 1962 yenye nyuzi bapa, na hakuwa mtu wa kuzibadilisha mpaka zikatike. Mimi niliweka nyuzi bapa kwenye besi mpya kabisa, nikaziacha zizeeke. Ule mdundo mfupi, mzito, wa katikati, ukaja. Besi mpya, nyuzi kuukuu. Ndiyo uzoefu wangu wote.

Mgeni Kidogo

Wakuu, mimi ndiyo naanza. Nina gitaa jipya la bei nafuu la hambaka (pikapu za koili mbili) mbili na ampu ndogo ya transista. Toni imefunikwa, kama blanketi liko juu ya spika. Nimeshauriwa nitafute pikapu za mtindo wa zamani. Niende huko?

Fundi Ampu

Bado, mdogo wangu. Anza na kebo. Kama ni ndefu, mita 6 au zaidi, waya wenyewe una uwezo wa kumeza sauti za juu, kama pikofaradi 100 kwa kila mita. Jaribu ya mita 3. Pili, fungua kifuniko cha nyuma cha gitaa usome potensiomita za vol (vile vifaa vya umeme vilivyo chini ya vinobu) zimeandikwa nini. Pikapu za hambaka kwa kawaida huwekewa kiloomu 500. Viwanda vya bei nafuu wakati mwingine huweka 250, na hapo ndipo uwazi unapopotelea. Ni kazi ya dakika chache kwa mwenye chuma cha kulehemu. Tatu, inua ampu kutoka sakafuni, ielekeze kifuani kwako, maana spika inarusha sauti za juu mbele yake moja kwa moja na wewe umesimama pembeni yake.

Fanya hayo kwa mpangilio huohuo, kimoja kimoja, uje utuambie ni kipi kilichoondoa hilo blanketi. Na ukifungua kifuniko, tupia picha ya waya za ndani, tukusomee.

Mgeni Kidogo

Nimepima kebo sasa hivi. Mita 10. Natafuta fupi leo, kifuniko nafungua jioni.