Kuandika maudhui ya tovuti za muziki kama kazi: naanzia wapi na nitoze vipi?

Kalamu_ya_Tanga

Habari zenu wakuu. Nataka kuandika maudhui ya tovuti za wasanii, bendi, studio na matamasha, na iwe ndiyo kazi inayonilisha. Kiswahili na Kiingereza naandika, WordPress naimudu. Naomba mnieleze: wasifu wa msanii unaandikwaje mpaka ukubalike? Bei inapangwaje? Na ni mambo gani huharibu kazi? Huku kwetu kuna vikundi vya taarab, kwa hiyo mwenye ujuzi wa upande huo asininyime.

MhaririZamu

Karibu mkuu. Anza na wasifu, maana ndio wateja wengi huuliza kwanza.

Mteja akisema anataka wasifu, mwandikie tatu. Mfupi wa maneno 30 hadi 50, ambao mtangazaji wa redio anaweza kuusoma kwa pumzi moja au mbili. Wa kati, maneno kama 150. Mrefu wa maneno 300 hadi 400 kwa tovuti yenyewe. Wa Spotify uhesabu peke yake: nafasi yao ni herufi 1,500, ambazo kwa Kiswahili ni kama maneno 200 tu, kwa sababu neno letu moja hubeba viambishi vingi. Ule mrefu hautaingia, na ukimwachia mteja aukate mwenyewe atakata pasipostahili.

Mahojiano yawe dakika 45, yarekodiwe kwa simu. Swali la "ulianzaje muziki" huleta jibu lile lile kwa kila msanii. Uliza vitu vinavyoshikika: wimbo umerekodiwa wapi, kwa siku ngapi, nani alipiga nini, kwa nini ala hii na si ile. Tazama tofauti. Wasifu mwingi hufunguka hivi: "Ni msanii mwenye kipaji cha kipekee anayekuja kwa kasi katika tasnia ya muziki." Sentensi hiyo unaweza kumbandika msanii yeyote. Sasa hii: "Anaimba taarab na kupiga udi, nyimbo 8 za albamu yake ya kwanza zimerekodiwa Ngamiani, Tanga, wapigaji 6 ndani ya chumba kimoja, bila kurudia vipande." Msomaji tayari ameanza kuisikia sauti, na mwandaaji wa tamasha amejua atahitaji jukwaa la watu 6.

Epuka "wa kwanza Afrika Mashariki". Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alivuka bahari hadi Bombay kurekodi mwaka 1928, kwa hiyo madai mengi ya "mwanamke wa kwanza" yanakufa kabla hayajasimama. Dai usiloweza kulithibitisha lifute, hata kama meneja analipenda.

Jambo linalovunja uhusiano na mteja haraka kuliko yote ni majina. Kwenye taarab mtunzi wa mashairi, aliyetia muziki na mwimbaji mara nyingi ni watu watatu tofauti. Ukiandika "wimbo wake" bila kutenganisha, umemnyang'anya mtu kazi yake hadharani. Kwa kila wimbo tengeneza jedwali: jina la wimbo kama lilivyo kwenye kava, mtunzi wa mashairi, mtunzi wa muziki, mwimbaji, kila mpigaji na ala yake (udi, kanuni, fidla, akordioni, dumbaki), mtayarishaji, studio, tarehe ya kurekodi, na ISRC (namba ya kuitambulisha rekodi). Hiyo ISRC ina herufi na tarakimu 12 na ni ya rekodi, si ya utunzi. Wimbo ule ule ukirekodiwa upya unapata nyingine, kwa hiyo usiinakili kutoka toleo la zamani.

Mtumie mteja jedwali hilo alithibitishe kwa maandishi KABLA hujaandika aya hata moja. Kurekebisha jina kwenye jedwali ni dakika moja. Likishasambaa kwenye tovuti, magazeti na majukwaa, hulifuti tena.

Ratiba_Ngome

Naongeza la kurasa za matamasha, kwa sababu hapo saa zetu huwapoteza watu.

Tamasha kama Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, Unguja, husomwa na mwenyeji na mgeni. Ukiandika "saa 2 usiku" halafu ukaachia programu ya kutafsiri, mgeni anasoma saa nane za usiku. Andika kila lugha kwa mkono. Kiswahili "saa 2 usiku", Kiingereza "8 pm", na kwenye msimbo wa tukio (maelezo yaliyofichwa ndani ya ukurasa ambayo Google huyasoma) weka 20:00 pamoja na +03:00, alama ya saa za Afrika Mashariki.

Siku nayo ina mtego. Kwa hesabu ya pwani siku huanza jua likichwa, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kuna watakaofika Alhamisi. Andika "Ijumaa usiku, kuamkia Jumamosi", na tarehe zote mbili.

Ukipokea tovuti mpya ya WordPress, fungua mipangilio kwanza ubadilishe saa iwe ya Dar es Salaam au Nairobi. Yenyewe huja na UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3, na tangazo ulilolipanga litoke saa 6 usiku litatoka saa 9.

Na tafadhali, bango lisiwe picha tupu. Mtu mwenye bando dogo anasubiri picha ya MB 3 ifunguke, na Google haitegemei kusoma maandishi yaliyo ndani ya picha. Punguza picha ifike chini ya KB 200, kisha chini yake andika mahali, saa, kiingilio na namba ya kuulizia.

FundiManeno

Nakubaliana na MhaririZamu kuhusu majedwali, lakini kumtegemea msanii mmoja mmoja kutakuchosha. Kazi ya kudumu iko kwa studio, shule za muziki, maduka ya ala na matamasha, kwa sababu wana kurasa nyingi na zinahitaji kusasishwa. Ukurasa wa studio, kwa mfano, usijaze "ubora wa kimataifa". Mteja wa studio anatafuta bei kwa saa, idadi ya maikrofoni na aina zake, kama chumba kinatosha ngoma na wapigaji kwa pamoja, na kama atapewa faili za kila ala za WAV (sauti kamili isiyobanwa, biti 24, kHz 48) au MP3 peke yake.

Bei: usitoze kwa neno. Wasifu wa maneno 50 unaweza kuwa na saa sawa na wa maneno 300. Hesabu saa. Mahojiano na kuyasikiliza tena ni 2, jedwali na uthibitisho 2, kuandika 3, marekebisho 1: jumla 8. Tuseme lengo lako ni Sh 900,000 kwa mwezi. Kati ya saa 176 za kazi, hesabu 90 tu kuwa za kulipwa, maana nyingine zinaliwa na kutafuta wateja na kufuatilia malipo. Hiyo ni Sh 10,000 kwa saa, hivyo wasifu huo ni Sh 80,000. Badilisha lengo, hesabu ni ile ile.

Kwenye makubaliano andika: nusu ya malipo kabla ya kuanza, marekebisho mara 2, haki ya maandishi inahamia kwa mteja akimaliza kulipa, na mtu mmoja wa kuidhinisha. Hilo la mwisho usilisahau. Msanii anaongeza, meneja anafuta, lebo inarudisha, na saa zote hizo ni zako.

Kuhusu kuweka mashairi ya nyimbo: yanatafutwa sana, lakini yana mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara ya 1999 inalinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Ruhusa ya mwimbaji haitoshi kama mashairi ni ya mtu mwingine, na kwenye taarab mara nyingi ndivyo ilivyo.

Kalamu_ya_Tanga

Shukrani sana wakuu. Mawili yamebaki. Bila wateja nitaonyesha sampuli gani? Na maombi ya kuingizwa kwenye orodha za Spotify, ni kazi ya mwandishi?

MhaririZamu

Hiyo ya maombi ya Spotify inaweza kuwa yako, na itoze peke yake. Nafasi ni herufi 500, wimbo uwe haujatoka, na ni wimbo mmoja kwa wakati. Ukiwasilisha siku 7 au zaidi kabla ya kutoka, wafuasi wa msanii wataupata kwenye Release Radar yao, orodha ya nyimbo mpya ambayo Spotify humwandalia kila msikilizaji. Lakini huwezi kuwasilisha kabla msambazaji (kampuni inayopeleka nyimbo kwenye majukwaa) hajaufikisha wimbo Spotify, kwa hiyo msanii ampe msambazaji wiki 3 hadi 4 mapema. Ndani ya hizo 500 taja lugha, ala, mtindo na mipango ya kutangaza. Sifa hazisaidii.

Sampuli ziwe tatu: wasifu, ukurasa wa albamu, ukurasa wa onyesho. Kifuate kikundi kimoja cha taarab hapo Tanga, omba ruhusa, kaa nao kwenye mazoezi na ujaze lile jedwali. Juu ya kila sampuli andika wazi kwamba ni sampuli, isije ikaonekana wamekuajiri.

Ratiba_Ngome

Na sampuli ya onyesho iwe ya tarehe ijayo. Ikipita, ibadilishe siku hiyo hiyo.