Eti "ziwa si hilo hapo nje, makala za nini?" Wakuu, leo nimedhalilishwa kaunta ya maktaba

Wakuu, naandika nikiwa bado niko nje ya maktaba, mikono inatetemeka, kwa hiyo herufi zikikosewa mnivumilie. Jina simtaji. Hakuna haja. Kila aliyepita chuo chetu hapa Mwanza anamjua: yule wa kaunta, miwani ya kamba, kikombe cha chai ambacho hakijawahi kuisha tangu enzi za Mwalimu. Mnamjua.

Nimekwenda kuomba kitu kimoja tu. Paswedi.

Kwa wasiojua mambo haya, kuna mpango unaitwa Research4Life, na ndani yake kuna AGORA, ya kilimo na uvuvi, iliyoanzishwa 2003 chini ya FAO, lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Yale majarida ambayo ukiyafungua nyumbani kwa bando lako yanakuonesha ikisiri halafu yanakudai zaidi ya dola 30 kwa makala moja, humo nchi maskini zinayasoma bure. Tanzania iko kwenye kundi ambalo halilipi hata senti. Ila mwanafunzi huwezi kujisajili mwenyewe. Kinachosajiliwa ni chuo, na paswedi inakaa kwa mkutubi. Yaani kwake. Kwake na chai yake.

Tasnifu yangu inahusu dagaa wanaoharibika wakati wa kukaushwa, wale wanaoanikwa mchangani na wale wa kwenye chanja, hasa masika. Makala ninayoitaka nimeipata tangu Jumatatu. Nina kichwa chake, nina jarida, toleo, kurasa, hata DOI, ile namba ya utambulisho wa makala mtandaoni, nimeinakili kwenye daftari kwa kalamu. Sikwenda kutafutiwa! Nilichokosa ni mlango tu wa kuingilia. Nikapanga foleni dakika 40 nyuma ya watu wanaobishania faini za vitabu. Nafika, "Shikamoo mzee." Kimya. Hiyo shikamoo mpaka sasa inaning'inia pale kaunta haijapokelewa. Akauliza natafuta nini, nikamwambia makala kuhusu dagaa wa Ziwa Victoria.

Akashusha miwani. Akageuka dirishani. Akasema kwa sauti ya mnadani, "Dagaa? Ziwa si hilo hapo nje! Makala za nini? Nenda Mwaloni kawaulize wauza dagaa."

Ukumbi mzima ukacheka. Waliolala juu ya vitabu wakaamka wakacheka, wakarudi kulala. Mlinzi wa mabegi akacheka. Kicheko kimevuka maji mpaka Kamanga.

ZIWA SI HILO HAPO NJE.

Jamani, mama yangu anauza dagaa Mwaloni. Pale pale Kirumba, mwaka wa 20 huu. Kwa dagaa nimelipiwa ada kuanzia darasa la kwanza. Mama anajua mvua ikipiga siku 2 mfululizo mzigo unageuka rangi na anauuza kwa watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kulia. Hilo halihitaji jarida. Ninachotaka ni waliokwisha pima: kinapotea kiasi gani, chanja inaokoa kiasi gani, wenzetu wa Kenya na Uganda walijaribu nini kikawashinda. Mama hawezi kuniambia hayo, na ndiyo maana alinipeleka chuo! Halafu mtu anayelipwa mshahara kunifungulia hayo ananirudisha kwa mama, mbele ya watu.

Paswedi sikupewa. "Mfumo hauko sawa." Kipanya hakukigusa.

Ziwa si hilo hapo nje. Nalisikia mpaka sasa. Daktari ukimwendea na malaria anakwambia mbu si hao hapo nje?

Kambare_Mzee
Maelezo yote haya kwa sababu ya paswedi? Imebandikwa kwenye ubao wa matangazo ghorofa ya kwanza tangu Oktoba.

Mtoa mada
Ya ubaoni ilishabadilishwa. Nimeijaribu mara 9, herufi kubwa, herufi ndogo, na bila nafasi. Ungekuwa umeitumia karibuni ungejua.

Binti_Igoma
NAMJUA. Hata hujamaliza kusimulia nimeshaisikia sauti yake. Mimi aliniambia jarida ninalotafuta "limesafiri". Nikamuuliza limesafiri kwenda wapi. Akanywa chai.

Jiwe_la_Bismarck
Hasira ya mkizi, furaha ya mvuvi. Wewe umeondoka na machozi, paswedi amebaki nayo. Ungekaa pale pale mpaka akupe.

Mtoa mada
Nikae na ukumbi mzima unanicheka?

Jiwe_la_Bismarck
Ndiyo. Kicheko hakiui. Mwanaume mzima unatetemeka kwa sababu ya dagaa.

Furu_Aliyebaki
Mtoa mada pole, lakini nikuulize: unatafuta kwa neno gani? Ukiandika "dagaa" peke yake utamwagiwa makala za dagaa wa Ziwa Tanganyika, na wale ni samaki wengine kabisa, hata ukoo si mmoja. Weka jina la kisayansi, Rastrineobola argentea, ndani ya alama za kunukuu ili maneno yasitengane. Halafu andika OR (yaani "au") kwa herufi kubwa, weka omena, OR tena, weka mukene. Omena ni Wakenya, mukene ni Waganda, samaki ni huyo huyo mmoja. Za zamani zitafute kwa Engraulicypris argenteus, ndilo jina walilokuwa wakilitumia wataalamu wakati ule. Mimi nilimaliza muhula mzima nadhani hakuna aliyeandika kuhusu huyu samaki, kumbe nilikuwa nabisha hodi nyumba moja tu kati ya nne.

Mtoa mada
Wabeja sana mkuu. La mukene nilikuwa nalo, hilo jina la zamani sikulijua kabisa. Sasa niambie, ungekuwa wewe, unaambiwa ziwa si hilo hapo nje, ungefanyaje?

Furu_Aliyebaki
Ningekwenda kwenye meza ya pili. Yule dada wa zamu ya jioni anatoa paswedi bila maswali, anakuandikia na kwenye karatasi.

Mama_Wawili_Buhongwa
Mwandikie mwandishi mwenyewe. Anuani yake ya barua pepe iko pale chini ya majina, ukurasa wa kwanza, na hata ikisiri ya bure mara nyingi inayo. Mistari 3 tu: wewe nani, unasoma nini, unaomba nakala. Nilikuwa naogopa, nikaona nani atanijibu mimi wa Buhongwa. Nilijibiwa usiku ule ule, na akaniongezea makala nyingine 2 ambazo sikuziomba. Waandishi hawapati kitu kwenye zile dola 30, wanachotaka ni kusomwa. Halafu pitia AJOL, yale majarida ya Afrika, wako tangu 1998 na mengi yanafunguka bila paswedi ya mtu yeyote.

Kambare_Mzee
Sasa huyo ndiye mkutubi. Mwingine yule ni mlinzi wa chai.

SinaBando
Bora wewe umefukuzwa mara moja ukaondoka. Supavaiza wangu anataka rejea za miaka 5 ya mwisho TU. Sawa. Nikaingia kwenye hifadhidata ya chuo, jarida lipo, nikafurahi, kumbe matoleo ya miezi 12 ya mwisho yamefungwa, wanaonesha vichwa vya makala tu kama mishikaki nyuma ya kioo. Namwambia supavaiza, ananiambia "usilete visingizio". Kisingizio kimeandikwa kwenye kioo kwa herufi nyekundu!

Binti_Igoma
Huyo supavaiza na yeye namjua.

SinaBando
Kila mtu anamjua.

Mswahili_wa_Mabatini
Nyie wa sayansi mna DOI, mna AGORA, mnalia nini? Njooni kwetu Kiswahili. Nilitafuta toleo la jarida la Mulika la miaka ya 1970, halimo kwenye kompyuta, limo kabatini. Nikafurahi. Nikavuta vumbi la miaka yote hiyo, nikafungua kwenye yaliyomo, makala yangu ipo, ukurasa upo. Naenda kwenye ukurasa: umekatwa kwa wembe. Makala nzima! Kingo zimenyooka kabisa, mtu alikuja na rula.

Jiwe_la_Bismarck
Mlikata wenyewe wanafunzi.

Mswahili_wa_Mabatini
Mimi nilikuwa sijazaliwa.

Jiwe_la_Bismarck
Baba yako je?

Mama_Wawili_Buhongwa
Baba wa watu aachwe. Wakati ule fotokopi ilikuwa wapi? Mtu hana namna ya kunakili kurasa 20 kwa mkono, anaona wembe ndio rahisi. Bado ni wizi, sitetei. Aliyekata makala moja amewanyima wote waliokuja nyuma yake, na hakuna nakala nyingine pale.

Kambare_Mzee
Wa siku hizi hawakati, wanapiga picha na simu, halafu anakulalia mezani na tochi yake usoni kwako.

SinaBando
Na mlinzi wa mabegi je? Mimi naona yeye ndiye wa kufunguliwa uzi. Aliniambia niache begi, nikaacha, nilipotoka kompyuta ipo lakini chaja haipo. "Mimi nalinda mabegi, silindi vilivyomo."

Binti_Igoma
Vilivyomo ndilo begi lenyewe!!!

Mtoa mada
Wakuu turudi kwenye mada. Mnakumbuka nilivyoambiwa? Ziwa si hilo hapo nje. Mbele ya watu. Na shikamoo hakuitikia.

SinaBando
Tunakumbuka mkuu. Sasa hiyo chaja nimeinunua upya Makoroboi, siku 3 ikaungua.

Sangara_Kilo_Nane
Samahani nje ya mada kidogo. Mtoa mada umesema mama yuko Mwaloni, ana dagaa wa chanja au wa mchangani? Natafuta magunia 2 ya kupeleka Dodoma. Safari iliyopita nilipewa wa mchanga, wateja wananipigia simu wanalalamika meno.

Mswahili_wa_Mabatini
Dagaa wa mchanga unaosha maji 7 na bado unatafuna ufukwe.

Kambare_Mzee
Si kweli, ni kuosha mnakojua vibaya. Maji ya vuguvugu, unawapekecha taratibu, mchanga unashuka wenyewe.

Mama_Wawili_Buhongwa
Vuguvugu wanavurugika vichwa. Maji baridi, chumvi kidogo.

Kambare_Mzee
Mama, nimekula dagaa miaka 50.

Mama_Wawili_Buhongwa
Kula si kuosha.

Mtoa mada
Mkuu Sangara, wa chanja wapo, safi, nimeongea na mama sasa hivi. Njoo kabla ya Alhamisi. Baada ya hapo mwezi unakuwa mkubwa, wavuvi hawaingii ziwani na bei inapanda. Nimekutumia namba yake inboksi, mwambie umetumwa na mimi.