Dola moja ya mchango hufika ikiwa kiasi gani?

Kutoka: mwanajumuiya, South B

Ndugu zangu Watanzania tuishio Nairobi, salamu nyingi. Kila mwezi ninawachangia watu watatu wanaotayarisha maudhui ya Kiswahili mtandaoni, kila mmoja dola moja, kwa kadi ya benki. Mmoja husimulia hadithi za watoto, wa pili hufundisha ushonaji, na wa tatu hurekodi mazungumzo na wazee wa pwani. Wiki iliyopita msimulizi wa hadithi aliniambia kwamba dola yangu humfikia ikiwa imepungua robo nzima. Je, inawezekana? Na kama ndivyo, mtu wa kipato changu, asiyeweza kupandisha mchango hadi dola kumi, afanye nini ili fedha yake isiishie njiani?

Kutoka: mwanajumuiya, Eastleigh

Dada yangu, uliyoambiwa ni kweli. Nitaandika kwa urefu kidogo, kwa sababu huu ni mwaka wa pili ninamtunzia hesabu mpwa wangu, ambaye hurekodi masimulizi ya Kiswahili katika chumba kimoja hapa mtaani, na nimeziona senti hizo zikipotea moja moja.

Wengi wetu huangalia asilimia inayotangazwa na jukwaa, yaani tovuti inayopokea michango na kumpelekea mtayarishaji, na kudhani kwamba hesabu imekwisha. Asilimia humkata mwenye kikubwa na mwenye kidogo kwa uwiano uleule. Mtoaji mdogo huumizwa na ada ya pili, ile isiyobadilika, ambayo hukatwa kila kadi inapotozwa. Chukua mfano wa Patreon, jukwaa ambako watu huwachangia watayarishaji kila mwezi. Mtayarishaji aliyefungua ukurasa wake baada ya mabadiliko ya Agosti 2025 hukatwa asilimia 10 na jukwaa lenyewe. Juu ya hapo kuna ada ya kushughulikia malipo, ambayo kwa mchango usiozidi dola 3 ni asilimia 5 pamoja na senti 10, na kwa mchango unaozidi hapo ni asilimia 2.9 pamoja na senti 30. Kwa hiyo dola yako huacha senti 10 kwa jukwaa na senti 15 kwa malipo, zikabaki senti 75. Katika mwaka unatoa dola 12, naye anapata 9. Dola hizo 12 ungezitoa kwa mkupuo, pale ambapo mwenye ukurasa ameruhusu uanachama wa mwaka mzima, angepata takriban dola 10.15, nawe hungeongeza hata senti moja.

Jambo hili liliwahi kuzua kishindo kikubwa. Mwanzoni mwa Desemba 2017 Patreon ilitangaza kwamba wachangiaji wenyewe watalipa asilimia 2.9 na senti 35 juu ya kila mchango. Aliyezoea kutoa dola 1 angetozwa takriban dola 1.38. Aliyekuwa akiwachangia watu kumi dola moja moja ndiye ambaye angeumia kuliko wote, kwa sababu awali michango yake ilikusanywa na kadi kutozwa mara moja, na sasa angelipa zile senti 35 mara kumi. Watu walijiondoa kwa wingi, na walioondoka zaidi ni hao wa dola moja moja. Kabla mpango haujaanza kutumika, mkuu wa kampuni, Jack Conte, aliomba radhi na kuufuta. Nilipousoma mkasa huo nilikumbuka tozo za miamala ya simu kule nyumbani mwaka 2021, jinsi baadhi yetu tulivyorudi kutuma fedha kwa mkono wa ndugu anayepanda basi. Mtu mwenye kidogo huziona senti mapema kuliko mwenye kingi, na hana budi.

Kuna mahali pengine ambapo fedha huvuja na wachache hupaangalia. Ukijiunga na Patreon kupitia programu ya simu ya iPhone hapa kwetu, malipo hupita kwa Apple, ambayo tangu Novemba 2024 huchukua asilimia 30 ya uanachama mpya, na mara nyingi bei ndani ya programu hupandishwa ili kufidia. Fungua ukurasa huohuo katika kivinjari, jiunge huko, kisha usikilize kwenye programu upendavyo.

Upande wa kupokea nao una yake. Mpwa wangu alikuwa akihamishia fedha kwenye M-Pesa kila wiki, kwa furaha ya kuziona, na kila mara alibadilishiwa dola kwa kiwango kilicho chini ya cha soko, kisha wakala akamkata tena. Sasa tunasubiri miezi mitatu. Kodi sitaieleza kwa kirefu, ila ajue yeyote anayepokea kwamba Sheria ya Fedha ya Kenya ya mwaka 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkazi anayelipwa kwa maudhui ya kidijitali.

Ushauri wangu kwako, dada: ikiwa mtayarishaji yuko hapa Nairobi, muulize kama ana namba ya till, ile namba ya biashara ya kulipiwa kwa M-Pesa. Ukilipa kwa till hukatwi kitu, na kwa kiasi kidogo kama chako mpokeaji hupata karibu chote. Ikiwa hayuko hapa, mchangie kwa mwaka badala ya kwa mwezi.

Kutoka: mwanajumuiya, Umoja

Kaka, hesabu yako ni sahihi na ninakushukuru, lakini naomba nipinge neno la mwisho. Mimi hutayarisha masomo ya video, na dola zinazofika kila mwezi, hata zikiwa zimekatwa, ndizo zinazoniwezesha kumwahidi mwenye nyumba. Mwaka jana watu kadhaa walihamia kwenye mchango wa mara moja kwa mwaka, wote mwezi wa Januari. Kufikia Juni nilikuwa nimeshazila, na wengine hawakukumbuka kurudi. Makato yalipungua, lakini na uhakika ulipungua.

Pia till huondoa fedha katika macho ya watu. Kwenye jukwaa, mgeni akiona wachangiaji themanini huvutika kuwa wa themanini na moja, ilhali waliolipa kwa simu hawaonekani popote. Ko-fi, jukwaa jingine la michango, kwa mfano, haikati asilimia yake kwenye mchango wa mara moja, ingawa anayeshughulikia kadi bado huchukua chake. Kwa anayetoa dola tatu au nne kila baada ya miezi kadhaa, hiyo ni njia nzuri ya kati, na jina lake linabaki ukurasani.

Kutoka: mwanajumuiya, South B

Ndugu zangu, nimesoma yote mawili na nimewauliza wenyewe. Msimulizi wa hadithi yuko Kasarani na till anayo, kwa hiyo yeye nitamtumia shilingi 130 kila tarehe 5, siku ninayolipa maji, ili asikose uhakika wa kila mwezi. Fundi wa kushona amekubali kupokea ya mwaka, kwa kuwa anataka kununua taa. Anayerekodi wazee yuko Ujerumani, na ameniomba nibaki pale pale kwenye dola moja, kwa sababu idadi ya wachangiaji ndiyo anayoionyesha anapoomba ufadhili wa safari zake. Huyo nitamwacha alivyo, na robo itakayokatwa nimeikubali.