Naomba ushauri: Mwanza hadi Bukoba kwa ndege ni muda gani hasa?

Wakuu habari za saa hizi, nataka nimpeleke bimkubwa Bukoba kwenye harusi tukitokea Mwanza sasa nimepima kwenye ramani airport hadi airport naona ni kama kilomita 175 tu za kukatiza ziwa, ila tiketi imeandikwa karibu lisaa! Ni ile pangaboi inaenda taratibu au wanahesabu mpaka kukimbia uwanjani na kuzunguka kabla ya kutua? Maana mama magoti yanamsumbua, basi la kupitia Geita hadi Biharamulo hawezi hata kama daraja la Busisi limeshafunguliwa, na meli ya usiku anaiogopa (hapo hashauriki kabisa). Mliozoea hiyo ruti, angani mnakaa dakika ngapi na asubuhi au jioni ipi haitikisiki sana?